Ukoka Utandazwe Masika, au Usitandazwe



Kiswahili kina kitenzi mwaga, kina mwagia, na kina mwagilia. Mzizi ni mmoja, lakini kila kiambishi kinapoongezwa, nia ya mtenda hubadilika. Anayemwaga maji hayahitaji tena. Anayemwagia ana kitu au mtu anayemlenga. Anayemwagilia ana mmea mbele yake na anakusudia uishi. Leo nataka kudai kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kumwagilia katika viwanja vya taasisi za umma jijini Kampala wakati wa kiangazi ni kumwaga, na kwamba kosa si la mtunza bustani aliyeshika mpira wa maji. Kosa ni la yule aliyetia sahihi ukoka mpya uletwe Januari.

Wengi wenu mmekwisha kuona jinsi kazi hii inavyofanywa. Lori hufika limejaa vipande vya ukoka vilivyokatwa pamoja na udongo wake, vikashushwa, vikapangwa ubavu kwa ubavu kama mikeka msikitini, na kufikia jioni uwanja uliokuwa wa vumbi jekundu umekuwa wa kijani. Ni kazi ya kupendeza macho, na ni rahisi kuamini kwamba imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza, na malipo yake hayajaanza hata kidogo.

Kipande cha ukoka kilichokatwa ni mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Sehemu kubwa ya mizizi yake imebaki shambani kilikotoka. Kilichosalia ni tabaka jembamba la udongo, unene wa sentimita mbili au tatu, na ndani yake mizizi mifupi ambayo bado haijaushika udongo mpya ulio chini. Tabaka hilo likipigwa na jua la mchana wa Februari hukauka kabla ya siku kwisha. Kipande kikianza kukauka hujikunja pembeni, viungo kati yake na jirani yake hufunguka, upepo huingia chini, na mizizi michanga iliyokuwa inaanza kuteremka hufa. Kwa hiyo ukoka mpya hauwezi kusubiri. Mti mkubwa unaweza kuvumilia wiki mbili bila tone. Ukoka uliotandazwa jana hauwezi kuvumilia siku mbili za jua kali.

Siku ya kwanza maji lazima yapenye ukoka wenyewe na kufika kwenye udongo wa chini, kiasi cha sentimita kumi hivi. Kipimo cha kweli si rangi ya majani bali kidole: inua pembe ya kipande kimoja, chomeka kidole katika udongo ulio chini yake, uone kama umelowa au umeloa juu tu. Baada ya hapo maji hutolewa kila siku, asubuhi mapema, kwa wiki mbili hivi, mpaka ukivuta kipande kwa mkono kikatae kung'oka. Kikikataa, mizizi imeshika. Tangu siku hiyo maji yapunguzwe mara na yaongezwe kina: mara chache kwa juma, lakini mengi kwa kila mara, ili mizizi iyafuate chini.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa raia asiyefanya hesabu hupewa majibu ya maneno matupu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Chukueni uwanja wa mita za mraba 500, ambao ni mkubwa kidogo kuliko uwanja wa netiboli. Siku ya kwanza uupe milimita 20: hizo ni lita 10,000. Kisha siku 14 kwa milimita 6 kila siku, kiasi ambacho si cha anasa katika jua la kiangazi: hizo ni lita 3,000 kila siku, jumla lita 42,000. Mpaka mizizi ishike, uwanja huo mmoja umekunywa lita 52,000. Katika madumu ya lita 20, yale ambayo hapa kwetu tunayaita jerikani, hayo ni madumu 2,600. Shirika la Afya Duniani hutaja lita kati ya 50 na 100 kwa mtu mmoja kwa siku kuwa kiasi kinachotosheleza mahitaji yake ya msingi. Kwa kipimo cha chini, maji ya siku moja ya uwanja ule yanawatosha watu 60.

Najua jibu litakalotolewa, maana nimelisikia mara nyingi, hata vinywani mwa watu wenye elimu: Ziwa Nyanza lipo pale, eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800, maji yake hayaishi. Ni kweli ziwa ni kubwa. Lakini mpira wa bustani haukuunganishwa na ziwa. Umeunganishwa na mtambo. Maji ya Kampala hutolewa ziwani, katika mitambo kama ya Ggaba, husafishwa, hutiwa dawa, kisha husukumwa kwa umeme kupanda vilima, yakae katika matangi kama yale ya Muyenga, ndipo yateremke kwa mabomba hadi majumbani. Upungufu wetu si wa ziwa. Ni upungufu wa maji yaliyokwisha kusafishwa na kupandishwa mlimani. Kila lita inayomwagwa juani saa sita mchana imelipiwa dawa, imelipiwa umeme, na imepita katika bomba ambalo upande wake wa mwisho kuna mtu anayesubiri bombani na dumu lake tupu. Bomba linapopungukiwa na nguvu, wa kwanza kukosa ni yule aliye juu kilimani au mwishoni mwa mtaa. Naye akinunua kwa mchuuzi, hulipa kwa kila lita zaidi ya alipavyo mwenye bomba lake nyumbani. Huyo asiye na bomba ndiye hasa anayeugharimia ukoka wa kiangazi, ijapokuwa jina lake halimo katika hati yoyote.

Jibu la pili husema: taasisi inalipa ankara yake, basi ina haki ya kutumia. Lau ingekuwa nyumba ya mtu binafsi, ningenyamaza kidogo, ingawa si kabisa. Taasisi ya umma hailipi ankara kwa fedha yake. Hailimi wala haichuuzi. Inalipa kwa kodi, na kodi hiyo imetoka hata kwa muuza ndizi aliyebeba dumu kichwani asubuhi ileile. Kumwambia kwamba ankara imelipwa ni kumshukuru mtu kwa karamu aliyoigharimia na asialikwe.

Jibu la tatu lina uzito, nami sitaki mlipuuze. Husemwa kwamba uwanja mtupu ni vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Kwamba vilima vyetu humomonyoka. Kwamba udongo mwekundu huingia madarasani na hospitalini. Kwamba watoto wanahitaji mahali pa kuchezea pasipowachuna magoti. Haya yote ni kweli. Ukoka hushika udongo, hupoza hewa ya uwanja, hupunguza kasi ya maji ya mvua yanayoteremka kwenda mitaani. Mimi si adui wa ukoka. Nauliza tu: kwa nini Januari?

Kampala hupata mvua zinazozidi milimita 1,000 kwa mwaka, na huzipata katika misimu miwili mikubwa, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Aprili peke yake, kwa wastani, hupita milimita 150. Rudini kwenye hesabu yetu: ukoka mpya ulihitaji milimita 104 kwa majuma mawili na siku moja ya kutandazwa. Mbingu ya Aprili huleta zaidi ya hizo kwa mwezi, bure, bila dawa, bila umeme, bila kumnyang'anya mtu foleni yake. Tena mawingu hupunguza ukali wa jua, hivyo hata mahitaji yenyewe hushuka. Mvua haina ratiba kama ya darasa. Huweza kukatika siku tatu katikati ya Aprili, na hapo mpira ufunguliwe bila aibu. Huko ndiko kumwagilia. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuijazia mvua pengo na kuifanyia kazi yake yote.

Kwa nini basi Januari, Februari, Juni na Julai? Kwa sababu ukoka wetu hautandazwi kwa ajili ya udongo. Hutandazwa kwa ajili ya wageni. Kuna mahafali, kuna ufunguzi, kuna sikukuu, kuna mkubwa atakayeshuka garini na kutembea hatua arobaini hadi kwenye hema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wetu hakai hata saa nne, na baada ya kuondoka ameacha uwanja unaodai madumu 150 kila siku. Ipo ofisi moja ya umma ninayoipita kila siku, ambayo jina lake nitalisitiri. Mwaka mmoja ilitandaza ukoka katikati ya kiangazi, siku chache kabla ya sherehe. Wiki ya kwanza maji yalitiririka kutoka kwenye mpira hadi barabarani, maana uwanja una mteremko na udongo wake ulikuwa haujalimwa wala kuloweshwa, basi maji yalipita juu kama yapitavyo kwenye bati. Wiki ya pili, sherehe ikiwa imepita, mpira haukuonekana tena. Wiki ya tano ukoka ulikuwa umekauka rangi ya chai ya maziwa. Mwaka uliofuata lori lilirudi.

Hapo pana jambo ambalo huenda likawashangaza kutoka kwangu: ubaya mkubwa haukuwa wiki ya kwanza, ulikuwa wiki ya pili. Ukoka unaopewa nusu ya maji yake hauokoi nusu ya maji, unayapoteza yote. Lita zote zilizotangulia huwa zimemwagwa, kwa maana kamili ya kitenzi kile cha kwanza, siku mizizi inapokufa. Ndiyo maana siwatumi mwende kufunga mabomba ya watu. Ukoka ukishatandazwa, hata kama ulitandazwa kwa upumbavu, unywe mpaka ushike. Uamuzi wa maji hauko mkononi mwa mtunza bustani. Ulikwisha kufanywa siku vipande vilipoagizwa. Anayetaka kuyaokoa maji ya Februari lazima afike mezani Novemba.

Mtunza bustani mwenyewe nisimsahau, kwa kuwa yeye ndiye hulaumiwa na pande zote mbili. Ukoka ukigeuka manjano, ameshindwa kazi. Maji yakitiririka barabarani, amefuja. Aghalabu hakuulizwa lolote. Nimezungumza na baadhi yao, nao wanajua kila nililoandika hapa na zaidi: wanajua kwamba maji ya saa sita hupotea hewani, kwamba majani yakilala yameloa usiku kucha huota ukungu, kwamba kwenye mteremko ni afadhali kumwagilia kidogo, kungoja yazame, kisha kurudia, kuliko kumwaga yote kwa mkupuo. Mmoja aliniambia kwamba yeye angepanda vipandikizi. Ana haki. Ukoka si lazima uje kwa lori ukiwa mkeka mzima. Vikonyo vyake vinaweza kuchomekwa ardhini kwa nafasi ya kiganja kimoja mvua zinapoanza, navyo vikatambaa na kukutana baada ya miezi michache. Njia hiyo ni ya polepole, haiwapendezi wenye sherehe, lakini haihitaji kuuchuna udongo wa juu wa shamba la mtu mwingine. Maana hilo nalo hatulisemi: kila kipande cha ukoka kinachoingia mjini kimebeba sentimita kadhaa za udongo wenye rutuba kutoka mahali fulani, na mahali hapo pamebaki uchi.

Wengine duniani wamekwisha kulazimishwa kufikiri. Cape Town, ukame ulipoukaribia mji mwaka 2018, kila mkazi aliambiwa atumie lita zisizozidi 50 kwa siku, na kumwagilia bustani kwa maji ya manispaa kulikatazwa. Nevada, nchini Marekani, ilitunga sheria mwaka 2021: tangu 2027, maji ya Mto Colorado hayatatumika kumwagilia nyasi zisizo na kazi katika eneo la Las Vegas. Angalieni maneno hayo, nyasi zisizo na kazi. Sheria haikugusa viwanja vya michezo; iligusa ukoka wa katikati ya barabara na wa mbele ya maofisi, ule ambao mtu wa pekee anayeukanyaga ni yule anayeukata. Sisi si jangwa kama Nevada, na siombi sheria kama yao. Lakini tofauti kati ya ukoka unaochezewa na ukoka unaotazamwa ingetufaa tuijadili kabla hatujalazimishwa na kiu.

Tuje kwenye Katiba, kwa kuwa safu hii ni ya elimu ya uraia, na bila kifungu mkononi polemiki hubaki kuwa manung'uniko. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaanza na malengo ya kitaifa. Lengo la 14 linataja maji safi na salama miongoni mwa mambo ambayo Waganda wote wanapaswa kuyapata. Lengo la 21 linasema dola ichukue hatua zote zinazowezekana kukuza usimamizi mzuri wa maji katika ngazi zote. Katika ngazi zote: maneno hayo hayaishii wizarani, yanafika hadi kwenye ofisi ya wilaya yenye uwanja wa mita 500 na hadi kwenye shule yako. Marekebisho ya mwaka 2005 yaliongeza Ibara ya 8A, inayosema nchi iongozwe kwa misingi ya malengo hayo, ili asitokee wa kudai kwamba ni utangulizi wa kupamba tu. (Ni marekebisho hayohayo yaliyokipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili katika Ibara ya 6. Mnaonifuata hapa mna deni kwa mwaka huo mara mbili.)

Kisha kuna Ibara ya 41, inayompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile zinazohatarisha usalama au faragha ya mtu. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 ikaonyesha njia: ombi huandikwa kwa ofisa wa habari wa taasisi husika, naye anapaswa kujibu ndani ya siku 21. Sijui siri ya usalama wa taifa inayoweza kujificha katika ankara ya maji ya uwanja.

Hapa sarufi inarudi kazini. Somo la kauli ya kutendwa wengi mmelipita salama, lakini tazameni jinsi taasisi zinavyoipenda: ukoka umetandazwa, maji yametumiwa, uamuzi umefanywa. Mtenda hayumo. Sentensi za namna hiyo si makosa, na mimi mwenyewe nimezitumia humu. Ila katika barua kwa mamlaka zikataeni. Msiulize ni kwa nini ukoka ulitandazwa. Ulizeni ni nani aliyeagiza, tarehe gani, kwa bei gani, na kwa maji ya nani: ya bomba, ya kisima, au ya tangi linalovuna mvua ya paa? Jibu likiwa tangi la paa, andikeni barua ya pili ya pongezi, maana taasisi hiyo imefanya ambalo nyingi hazijafanya. Ulizeni pia kama kwa mwaka ujao kuna ukoka ulioagizwa, na utatandazwa mwezi gani.

Zoezi la mwezi huu basi ni barua hiyo. Kila mmoja achague taasisi moja ya umma anayoijua, iwe shule, zahanati, ofisi ya kata au uwanja wa mji, aandike kwa Kiswahili rasmi kisichozidi kurasa moja na nusu, kwa heshima, bila matusi na bila kujipendekeza, akitumia kauli ya kutenda pale anapomtafuta mtenda. Apime uwanja kwa hatua zake mwenyewe na aweke hesabu ya lita. Ofisi nyingi zitataka nakala ya Kiingereza. Iambatanishwe nyuma, si mbele. Barua zinifikie kabla ya Novemba 15, nizisahihishe, zipelekwe juma hilohilo. Tukihesabu siku 21 kuanzia hapo, majibu yatatufikia mapema Desemba, wakati malori ya Januari bado hayajapakiwa.